Zizi la Ghorofa ya Nne

Waliosema fahali wawili hawakai zizi moja
hawajafika Umoja, ghorofa ya nne, mlango wa kijani,
Jumamosi saa moja kasorobo asubuhi,
nikiwa nimetoka kuoka mikate ya watu usiku kucha,
unga masikioni,
nimejitupa kitandani na viatu vyangu.

Zizi langu lina vyumba viwili.
Fahali wa kwanza ni Makori, miaka saba,
jino moja linaning'inia kama kitasa kibovu.
Wa pili ni Bosire, minne na nusu;
hiyo nusu usiisahau, atakukumbusha.

"Baba amelala?"
"Hajalala. Jicho linacheza."
"Mguse."
Kidole chenye jamu kinaniingia sikioni.
Haya. Nilikufa, nimefufuka.

Leo maji yamefika. Mfereji unakohoa kutu,
mama yao anakimbizana na mitungi,
na beseni la kufulia limekataa kufua:
kwanza ni lori la mchanga,
kisha ni kobe, Bosire yumo ndani anatembea,
anagonga ukuta, anagonga meza, anamgonga nduguye,
kisha ni ngoma,
hadi Mama Kwekwe wa ghorofa ya tatu
anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio,
nao wanamjibu kwa furaha,
wakidhani ameomba kucheza.

Saa nne, vita.
Sababu: kifuniko cha chupa, cha bluu.
Vya bluu viko vitatu.
Ndugu wakigombana, walisema wahenga, shika jembe ukalime.
Shamba langu ni mkebe wa rangi kwenye roshani,
mche mmoja wa sukuma wiki, majani manne.
Nikashika uma wa jikoni, nikalima.
Sijauzunguka mkebe hata mara moja
wamekwisha kupatana, wako nyuma yangu,
wananiuliza mbona nachezea udongo bila wao.
Majani yakabaki matatu.
Lile la nne tulilizika kwa heshima zote,
Makori akahubiri.

Jumapili ilinukia chapati.
Ya Makori ilitoka na masikio.
Bosire alifinyanga nyoka, akampa jina,
akamlilia alipoingia kwenye mafuta,
akamla.

Jioni tokeni za stima zikaisha katikati ya sentensi.
Mshumaa. Vivuli vikubwa kuliko nyumba.
"Sasa tucheze Baba," akasema Bosire.
Akavaa viatu vyangu, vikamfika karibu na magoti,
akatia kijiko kwenye mfuko wangu wa kazi.
"Mimi ni Baba. Wewe ni Bosire. Makori ni mlango."

Makori akasimama wima, mkono mmoja ukiwa komeo.
Baba mpya akaniwekea kiganja kichwani,
akaishusha sauti hadi tumboni:
"Muwe na adabu. Nitarudi mkiwa mmelala."

Maneno ni yangu.
Hata kile kikohozi cha katikati ni changu.

"Ngriii," mlango ukafunguka.
"Ngriii," ukafungwa.
Akaenda kazini, hatua tatu, chumba cha pili.
Nikabaki sakafuni, mtoto wa miaka minne na nusu,
sijui niiweke wapi mikono hii mirefu.

"Lia basi," mlango ukaninong'oneza.
"Kwanza unalia. Halafu unazoea."

Kule kazini kukawa kimya.
Kisha kwata, kwata, viatu vikarudi vikijikwaa.
"Nimerudi!"
"Mapema hivyo?" mlango ukashangaa.
"Mikate imekataa kuiva."

Saa mbili usiku nikavivaa viatu vile vile.
Vilikuwa na joto, na kipande cha nyoka ndani.
Mlangoni nikafungua kinywa,
nikakohoa,
nikayakosa maneno.

"Ngriii," akasema Makori.